Kutoka Vitabu vya Misheni hadi Kanzidata: Kilema na Historia ya Utafsiri wa Papo Hapo

Kilema ni mahali palipozoea kutoa habari kwa watu wa mbali. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kwenda kwa Mangi Masaki wa Kilema, aliona theluji kileleni mwa Kilimanjaro. Habari yake ilipofika Ulaya ilibishiwa miaka mingi, na aliyebisha zaidi ni William Desborough Cooley wa London, mwanajiografia wa mezani. Mwaka 1890 wakaja Mapadre wa Roho Mtakatifu na kuanzisha misheni, nayo misheni haikosi vitabu: cha ubatizo, cha ndoa, cha vifo. Kahawa iliyopandwa na mapadre ikasambaa vihambani, na hesabu zikaifuata. Vyama vya wakulima, KNPA cha 1925 na KNCU cha 1933, visingeweza kwenda hata msimu mmoja bila madaftari ya kilo na shilingi.

Siku hizi taarifa za afya za eneo hili huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa nje anaandikwa katika Kitabu namba 5, mama mjamzito katika namba 6. Kila mtu na mstari wake: namba, umri, jinsi, makazi, ugonjwa uliobainika, dawa aliyopewa. Mwezi ukiisha mistari inapigwa tali, tali inahamia kwenye fomu, na fomu inaingizwa kwenye kompyuta. Zahanati ya serikali inafanya hivyo, hospitali ya misheni nayo hivyo hivyo.

Programu inayopokea fomu hizo ni DHIS2. Mizizi yake iko Cape Town, ambako watu wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa Afrika Kusini walianza mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokuwa unaondoka, kutengeneza mfumo wa takwimu za afya za wilaya. Zanzibar iliingia katika mfumo huo mapema, Kenya ikausambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafanya hivyo kufikia 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa mstari wa mbele. Ndani ya DHIS2 takwimu zinakaa katika kanzidata ya PostgreSQL, na hapo ndipo historia ya vitabu vya Kilema inapokutana na historia nyingine, ya namna mashine inavyojibu swali.

Historia hiyo inaanza mwaka 1970, pale Edgar Codd wa IBM alipopendekeza kwamba data zikae katika majedwali, na mtu aseme anataka nini bila kuieleza mashine ipite wapi. Lilikuwa wazo zuri, ila liliacha mzigo kwa mashine: lazima mtu, au kitu, kigeuze swali kuwa hatua. Wenzake Codd kule San Jose, California, waliojenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R katika miaka ya 1970, waliligeuza swali kuwa lugha ya mashine kabisa. Walifanya kazi hiyo mara moja tu, programu ilipokuwa inaandaliwa, kisha wakaihifadhi tafsiri ndani ya kanzidata ili itumike tena na tena. Msomaji aliweke hilo akilini, maana tutalihitaji.

Baadaye njia hiyo ilififia. Kuandika kompaila, yaani kitafsiri cha namna hiyo, kwa kila aina ya mashine kulikuwa kazi ya kuchosha, tena wakati ule muda mwingi uliishia kwenye kusubiri diski, kwa hiyo haikuwa na maana kubana sekunde za prosesa. Kanzidata nyingi zikachukua mtindo wa ukalimani, ambao Goetz Graefe aliupa sura yake maarufu katika mfumo wa Volcano: kila hatua ya kazi inaiomba hatua iliyo chini yake mstari mmoja, inaushughulikia, inaomba mwingine. PostgreSQL, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ilikulia katika mtindo huo.

Kisha kumbukumbu za kompyuta zikawa kubwa na rahisi, data zikahamia humo, na diski ikaacha kuwa kisingizio. Mwaka 2011 Thomas Neumann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich alionyesha kwamba swali likitafsiriwa kwa zana za kompaila za LLVM hadi lugha ya mashine, tena wakati ule ule linapoulizwa, kasi inaongezeka sana. Wazo la miaka ya 1970 likarudi likiwa na jina jipya, utafsiri wa papo hapo, ambao mafundi huuita jiti tu.

PostgreSQL toleo la 11 la mwaka 2018 ndilo lililoleta jiti, kazi ambayo Andres Freund aliiongoza. Haikutafsiri swali zima. Ilichukua maeneo mawili yanayokula prosesa: kukokotoa masharti na hesabu za kila mstari, na kufungua mstari kutoka umbo la kuhifadhiwa hadi safu zake. Katika toleo hilo iliachwa imezimwa. Mwaka uliofuata, toleo la 12, ikawashwa kwa kila mtu.

Ukihesabu mamilioni ya mistari, faida ni ya kweli: gharama ya kutafsiri inalipwa mara moja na kila mstari unapita kwa wepesi zaidi. Swali dogo ni habari nyingine. Mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unatoa mfano wa kujumlisha safu moja ya jedwali dogo. Bila jiti kazi ilimalizika kwa milisekunde 0.365. Jiti ilipolazimishwa, milisekunde 7.416, na kati ya hizo 7.104 zilikuwa za kutafsiri tu. Ni sawa na kunoa panga tangu asubuhi ili ukate mkungu mmoja wa ndizi.

Mashine inajuaje kwamba swali ni kubwa? Haijui, inakisia. Mpangaji wa PostgreSQL hulipatia kila swali makadirio ya gharama kwa vizio vyake mwenyewe, ambavyo si sekunde. Makadirio yakizidi 100,000, jiti inaanza. Yakizidi 500,000, inaongeza hatua ghali za unoaji. Kipimo hicho hakiangalii kuna vipande vingapi vya kutafsiri. Swali lenye masharti mamia, au linalopita kwenye jedwali lililokatwa vipande vingi, linaweza kuzaa vijiprogramu vingi ambavyo kila kimoja kitapitishiwa mistari michache. Tena PostgreSQL haitunzi tafsiri. Swali lile lile likiulizwa tena baada ya dakika moja, kazi yote inaanza upya. System R ilitafsiri mara moja ikaweka akiba. PostgreSQL, miaka arobaini baadaye, inatafsiri na kutupa. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la usanifu katika habari hii, kubwa kuliko vile viwango vya makadirio ambavyo watu hupenda kuvilaumu.

DHIS2 imeumbwa kana kwamba ilikusudiwa kuangukia shimo hilo. Majedwali yake ya uchambuzi yamekatwa vipande kwa mwaka. Viashiria vyake vya programu, mathalani idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki mara nne, hugeuka kuwa maswali marefu yenye masharti ndani ya masharti. Na dashibodi moja inauliza maswali mengi kwa pamoja, mtu akisubiri mbele ya kioo. Mwongozo wa wasimamizi wa DHIS2 hauzunguki: kuanzia PostgreSQL 12, jiti izimwe, kwa kuwa maswali mengi, hasa ya viashiria vya programu, yanakwenda vibaya sana ikiwa imewashwa, na kuizima kunaweza kuharakisha majibu hata mara 100.

Mara 100 kwa neno moja katika faili ya mipangilio! Dashibodi iliyokuwa inachukua dakika nzima inafunguka chini ya sekunde moja, na hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Afisa wa takwimu wa halmashauri anayetaka kulinganisha Kilema Kaskazini, Kati na Kusini kwa robo moja ya mwaka anauliza swali dogo, na chaguo-msingi lililowekwa kwa ajili ya wenye maghala makubwa ya data linamtoza bei yao.

Sisemi jiti ni balaa. Mwaka ule ule wa 2018 watafiti wa Munich walitoa dawa yake: swali lianze kwa ukalimani, na kitafsiriwe kile tu kinachoonekana, kazi ikiendelea, kwamba ni kizito. PostgreSQL haikufuata njia hiyo. Inaamua kabla ya kuanza, kwa makadirio.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi wa seva, kabla hujaandika dokezo la kuomba mashine mpya, ingia kwenye kanzidata yako uandike SHOW jit. Ikijibu kwamba imewashwa, chukua swali linalolalamikiwa, lipitishe kwenye EXPLAIN ANALYZE, uteremke hadi chini kabisa panapoandikwa muda wa JIT, uulinganishe na muda wote wa kazi. Ukikuta kutafsiri kumekula sehemu kubwa, izime kwa dashibodi na uiache iwake kwa zile ripoti nzito za usiku pekee. PostgreSQL inaruhusu kufanya hivyo kwa kila kanzidata au kwa kila mtumiaji, na huhitaji kuiwasha seva upya.