Mabango ya bati ya Eneo la Viwanda: Historia inayopimwa kwa kilo

Nchini Marekani wapo wakusanyaji wanaothamini chipu kuukuu za mchezo wa poka, hasa zikiandamana na matangazo ya dukani yaliyoziuza. Jijini Nairobi, matangazo ya umri kama huo mara nyingi hukutana kwanza na mizani ya muuza vyuma chakavu.

Eneo la Viwanda, jirani ya Makongeni na mitaa mingine ya Eastlands, ndilo chimbuko la majina yaliyopamba kuta za maduka kote nchini. Hapo East African Industries, iliyogeuka Unilever Kenya mwaka wa 2000, ilitengeneza mafuta ya Kimbo na Cowboy, ambayo Bidco iliyanunua mwaka wa 2002. Mkebe wa Kimbo wa kilo 2 ulizaa gorogoro, kipimo cha mahindi sokoni hadi leo. Kutoka Barabara ya Likoni zilitoka sigara za Sportsman za kampuni ya BAT. Mabango yake yaliharamishwa na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutekelezwa Julai 2008.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 hailisaidii bango. Kitu cha kale, kwa mujibu wake, ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899! Basi hakuna kitu kilichotoka kiwandani humo kinachoweza kufuzu. Marufuku ya biashara ya vyuma chakavu iliyotolewa Januari 2022 na kuondolewa Mei mwaka huo ililenga kulinda nyaya na nguzo za umeme, si mabango.

Bango lenye thamani zaidi ni la enameli, yaani bati la chuma lililopakwa unga wa kioo wenye rangi na kuchomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi. Rangi zake huonekana kwa matabaka pembeni, na kutu huanzia kwenye matundu ya misumari, kioo kilikopasuka. Kutu iliyotapakaa katikati ya uso mzima, usio na ufa, ni ya kutiliwa shaka.

Lioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kisha likaushwe mara moja. Steelwool haifai kamwe. Wakati wa kuling'oa ukutani, misumari ndiyo ikatwe. Bati likikunjwa, kioo hubanduka.