Zebaki, Sekretarieti na Mialo ya Geita: Nafasi ya Watendaji wa Kimataifa katika Ibara ya 7 ya Mkataba wa Minamata

Majadiliano ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliusaini tarehe 10 Oktoba 2013, kwa kawaida huelezwa kupitia vikao vitano vya wajumbe wa serikali, kuanzia Stockholm mwaka 2010 hadi Geneva Januari 2013. Maelezo hayo hayatoshi. Maarifa yaliyoijenga Ibara ya 7, inayohusu wachimbaji wadogo wa dhahabu, yalikusanywa kabla wajumbe hawajaketi, na baadhi yake yalitoka Rwamagasa, Geita, wakati huo ikiwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza.

Kati ya mwaka 2002 na 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwamo. Rwamagasa ilipimwa udongo, maji na samaki. Wakazi wake walitoa damu, mkojo na nywele. Baadaye Kiambatisho C cha Mkataba kilitaja matendo manne ya kukomeshwa: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa, kuchoma wazi mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, kuuchoma kwenye makazi, na kutumia sianidi kwenye marudio ambayo zebaki haijaondolewa. Ni vigumu kuiona orodha hii kuwa kazi ya wanadiplomasia peke yao. Ni lugha ya watu waliosimama mwaloni.

Biermann na Siebenhüner (2009) wanayataja maarifa kuwa mojawapo ya njia za sekretarieti kuathiri mikataba. Katika Minamata, njia hiyo iliambatana na kalamu: sekretarieti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ndiyo iliyoandaa matini yaliyojadiliwa. Siku chache kabla ya kikao cha Geneva, shirika hilo lilitoa tathmini iliyoonyesha kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia asilimia 37 ya zebaki inayoingizwa hewani na shughuli za binadamu.

Hata hivyo, ukali wa masharti uliamuliwa na serikali. Ibara ya 7 haina tarehe ya mwisho ya kutumia zebaki, na kila nchi hujiamulia iwapo uchimbaji wake mdogo ni wa kiwango cha kuhitaji mpango wa kitaifa. Tanzania iliridhia mwaka 2020. Mchimbaji wa Mwakitolyo, Shinyanga, naye akaingia chini ya utaratibu uliojengwa juu ya vipimo vya miili ya watu wa Rwamagasa na wenzao wa nchi nyingine. Kiambatisho C kinataka wadau washirikishwe, lakini katika kutekeleza na kuendeleza mpango. Matendo manne ya kukomeshwa yalikuwa yamekwisha kuandikwa.