Kibaba cha mpagazi

Ukipanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ukishapita Manyoni na Itigi unakutana na pori refu, halafu ndiyo unafika Goweko, wilaya ya Uyui. Tabora haiko mbali tena. Misafara ya karne ya 19 ililiita pori hilo Mgunda Mkali. Humo hapakuwa na wa kukuuzia nafaka, hivyo akiba ya chakula ilibebwa juu ya mzigo wa tajiri mpaka Unyamwezi, ambako soko lilianza tena.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, sasa nasoma shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti. Nakupeleka huko kwa sababu ya kipimo kimoja tu: kibaba.

Posho ya mpagazi kwa kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kununulia. Richard Burton, aliyefika Kaze (ndiyo Tabora) Novemba 1857, alikadiria kibaba kuwa kama ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Hebu tupige hesabu. Kilo ya mtama ina takribani kilokalori 3,300, kwa hiyo kibaba kinatoa kama 2,240. Mwanamume anayetembea saa nyingi na mzigo wa kilo 30 anahitaji zaidi ya 3,000. Kwa hesabu ya karatasi, msafara ungeishia njiani. Lakini misafara ilifika Ujiji na kurudi pwani, mwaka baada ya mwaka.

Ilifikaje? Kibaba kilipima alichotoa mwenye mali, sio alichokula mpagazi. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii. Walipika kwa makundi, wengine walisafiri na wake zao, waliwinda, walichuma mboga za porini, walibadilishana vitu vijijini. Asali ya huku huhitaji kuhadithiwa. Yote hayo hayakuingia kwenye daftari la posho.

Reli ilifika Tabora 1912, lakini mpagazi hakupumzika. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, Waingereza walikusanya wapagazi kwa maelfu kwa maelfu. Jina la Kariakoo limetokana nao, Carrier Corps. Safari hii posho ilipimwa kwa mizani ya jeshi. Tatizo halikuwa ratili peke yake. Watu waliozoea wali, ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa hovyo, bila vyungu vya kutosha wala muda wa kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika, kuhara kukawaua kwa wingi. Hesabu ya serikali yenyewe ni vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi.

Sasa ruka hadi 1984, mkoani Iringa. Mradi wa lishe uliosimamiwa na serikali, UNICEF na WHO ulipima uzito wa watoto kijijini, halafu wanakijiji wenyewe wakakaa kuulizana: huyu amepungua kwa nini? Mara nyingi jibu halikuwa ghalani. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anakula mara mbili kwa siku, au ana malaria. Mawazo ya Iringa ndiyo yaliyozaa mfumo wa UNICEF wa 1990, unaoweka chakula, matunzo na afya pamoja. Kwangu hiyo ni moja ya michango mikubwa ya Tanzania katika sayansi hii, na inashangaza wanafunzi wengi wanaisoma bila kujua ilitoka wapi.

Nilipokuwa kliniki nilikuwa na dakika kumi kwa kila mgonjwa na fomu yenye visanduku vya gramu. Ushauri ulikuwa ule ule: kula mlo kamili. Ndiyo maana sikuchagua uzamili wa darasani mtupu. Nilitaka tasnifu, nikae na swali moja mwaka mzima.

Dodoso langu la Goweko halianzi na kiasi cha unga. Linaanza na nani alikula, saa ngapi, kwa mboga gani, na sufuria ilikaa motoni muda gani. Kwenye majaribio lilichukua dakika 50 kwa kaya moja. Msimamizi wangu anasema nipunguze. Bado tunabishana swali lipi litoke.