Udongo wa Aminata: Mwanamke Anayejitegemea Katika Sanaa ya Kakamega

Katika historia ya vichekesho vya televisheni vya Marekani, mwanamke anayejitegemea hutambulika kwa kuondoka. The Mary Tyler Moore Show, kipindi kilichorushwa na shirika la CBS kuanzia Septemba 1970 hadi Machi 1977 katika sehemu 168, kilimleta Mary Richards, mwanamke wa miaka 30 asiye na mume, aliyehamia mji wa Minneapolis, akapanga nyumba yake mwenyewe na kuajiriwa katika chumba cha habari cha kituo cha televisheni. Na mwaka 1989 Robert S. Alley na Irby B. Brown wakakiandikia kipindi hicho kitabu cha kukisindikiza, yaani kitabu kinachoeleza jinsi kazi ya sanaa ilivyobuniwa, ilivyoigizwa na ilivyopokewa na watazamaji wake. Kakamega, magharibi mwa Kenya, kipimo cha kujitegemea kilikuwa kingine. Huko binti kuondoka nyumbani hakukumshangaza mtu, kwa kuwa kila binti alitarajiwa kuondoka siku ya kuolewa. Lililoshangaza, na lililoweza kuuchekesha ukumbi mzima kabla ya kuukasirisha, ni binti aliyerudi kudai udongo wa baba yake.

Binti huyo alipata umbo katika Aminata, tamthilia ya Kiingereza ya Francis Imbuga, aliyezaliwa mwaka 1947 katika eneo la Maragoli, huko Vihiga, iliyokuwa sehemu ya Kakamega kabla ya kutengwa. Imbuga hakuwa mgeni wa ucheshi: kabla ya jina lake kuenea kwa Betrayal in the City, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1976 na kuiwakilisha Kenya mwaka uliofuata katika tamasha la FESTAC jijini Lagos, alikuwa ameshaandika na kuigiza michezo ya televisheni ya Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali lililodumu kwa jina hilo tangu 1964 hadi lilipogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Aminata ilihusishwa tangu mwanzo na mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Nairobi Julai 1985 kufunga Muongo wa Wanawake, kisha ikachapishwa na Heinemann Kenya mwaka 1988. Aminata mwenyewe ni wakili. Baba yake, Mchungaji Ngoya, amemwachia ardhi kwa wosia. Ami yake, Jumba, ndiye mkuu wa kijiji cha Membe, mtu ambaye Kakamega angeitwa liguru, na ndiye mwenye kauli kuhusu udongo huo. Ndugu yake, Ababio, haoni kwa nini dada apewe kilicho cha wana wa kiume.

Membe ni kijiji cha kubuni, lakini mtazamaji aliyetoka Isukha, Idakho au Maragoli hakuhitaji ramani ili kukitambua. Kwa mila za Waluhya, wenyeji wa maeneo hayo, ardhi ya ukoo ilipita kwa wana wa kiume, na binti alihesabiwa kuwa mtu wa safari, ambaye shamba lake lilikuwa kwa mumewe. Hata binti aliyefia kwao bila kuolewa kwa kawaida hakuzikwa ndani ya boma, bali pembeni au nje ya ua, kwa sababu kaburi ni hati ya aina yake, inayosema nani ni mwenyeji wa mahali. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanzisha upimaji wa mashamba na utoaji wa hatimiliki, mila hiyo haikuondolewa bali iliandikwa kwa wino, kwa kuwa majina yaliyoingizwa katika daftari za ardhi yalikuwa kwa kiasi kikubwa ya wanaume. Na shamba lenyewe lilikuwa likipungua kila kizazi: Maragoli imejulikana tangu enzi za ukoloni kuwa miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi wa watu nchini Kenya, na palipo na ndugu wanne wanaogawana ekari mbili, dada mwenye wosia mkononi ni mgawanyo wa tano. Hasira ya Ababio, kwa hiyo, si ujinga wa mlevi tu, ingawa wasomaji wengi wamezoea kumhukumu hivyo.

Sheria, kwa upande wake, ilikuwa imeshasema neno lake. Sheria ya Urithi, yaani Sura ya 160 ya sheria za Kenya, ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo haikutofautisha mtoto wa kike na wa kiume katika mgawanyo wa mali ya mzazi aliyefariki bila wosia, huku ikimruhusu mwenye mali kumwachia ampendaye kwa wosia. Wilaya kadhaa za wafugaji, kama vile Turkana, Samburu, Narok na Kajiado, ziliachwa ziendelee na mila zao kuhusu mashamba na mifugo, lakini Kakamega haikuwamo. Hapo ndipo ulipo utamu wa mchezo wa Imbuga, kwani wakili anayesimama mbele ya ami yake anazungumza kwa sheria iliyo hai, naye ami anajibu kwa mila iliyo hai vilevile, na kila mmoja ana haki ya kumwona mwenzake kuwa kichekesho. Mwaka 1987, kabla kitabu hakijatoka kiwandani, taifa zima lilishuhudia mgongano wa namna hiyo mahakamani, pale Wambui Otieno aliposhindwa na ukoo wa Umira Kager katika kesi ya mahali pa kumzika mumewe, wakili S. M. Otieno.

Hata hivyo, mwanamke wa Kakamega hakuanza kuvunja mwiko kwa udongo. Alianza kwa kuku. Katika jamii za Waluhya, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Günter Wagner katika utafiti wake wa miaka ya 1930, wanawake hawakula kuku wala mayai, ijapokuwa wao ndio waliowafuga, waliowachinjisha na waliowapika. Kuku, anayeitwa ingokho, alipikwa na mke, akapakuliwa pamoja na obusuma, yaani ugali, akapelekwa mbele ya mume na wageni wake. Na firigisi, inayoitwa imondo, iliwekwa juu mahali pa kuonekana, kwa sababu mwenye nyumba aliyeikosa aliweza kusimamisha mlo mzima akiuliza imeenda wapi. Misheni zilipofika, dhehebu la Marafiki huko Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mukumu miaka michache baadaye na Waanglikana wa Butere mwaka 1912, mwiko huo uligeuka kuwa mtihani wa imani: msichana aliyekula kuku hadharani alikuwa ametangaza kwamba amehama upande. Butere ndiko Jane Chadwick alikoanzisha masomo ya wasichana mwaka 1916, katika kituo kilichokuja kuwa shule ya sekondari ya wasichana yenye jina kubwa. Kutoka kipande cha kuku hadi kipande cha ardhi ni vizazi viwili au vitatu tu, na hadhira iliyokuwa na bibi aliyekatazwa mayai ilimwelewa Aminata haraka kuliko mhakiki yeyote.

Mambo hayo ndiyo ambayo kitabu cha kusindikiza kingepaswa kuyaeleza, na ndiyo yaliyokosekana katika vitabu vilivyokuja. Kenya ina aina yake ya kitabu hicho, inayoitwa mwongozo au, kwa wanafunzi, gaidi, na iliyostawi katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Kazi inapoingia katika orodha ya vitabu teule, yaani vitabu vinavyotahiniwa, miongozo hufuata kama kumbikumbi baada ya mvua, nayo yote hufuata kiolezo kimoja: muhtasari wa kila onyesho, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za uandishi, kisha maswali ya kudurusu. Aminata ilipotahiniwa, mtahiniwa aliyebeba mwongozo alijua kwamba Aminata ni jasiri, ni msomi na ni mwenye utu, akazitaja sifa hizo kwa mifano mitatu, akapata alama zake. Kwa nini, katika mchezo huo, saruji juu ya kaburi la Mchungaji Ngoya iwe habari ya kijiji, kwa nini udongo ukabidhiwe kwa mkono wa ami na si kwa karatasi ya wakili, na kwa nini watu walicheka, hayo hayakuwa na alama. Mwongozo ulimgeuza mwanamke mwenye vituko na ukaidi kuwa orodha ya fadhila, jambo ambalo Imbuga hakulitenda.

Vichekesho vya televisheni vyenyewe havikupata hata huo mwongozo finyu, kwa kuwa havitahiniwi. Mary Khavere, aliyejulikana nchini kote kama Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, alisimama kwa miaka mingi mkabala na Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang, akimjibu neno kwa neno. Lakini historia ya kazi hiyo imebaki zaidi vinywani mwa watazamaji na katika hifadhi za kanda.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, imeagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi, na kesi za mabinti wanaodai mashamba ya baba zao zingali zinasikilizwa Kakamega. Imbuga alifariki Novemba 2012. Waliopanda jukwaani miaka ya 1980 wamezeeka, na mabibi wanaokumbuka mara ya kwanza walipoonja ingokho wamebaki wachache zaidi. Wanafunzi wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopo hapo hapo mjini, wawaendee na vinasa sauti wakati wazee hao wangali wanaweza kusimulia.