Madaraja ya Mbao ya Parke: Kinachodumisha Si Umri, Ni Matunzo

Magharibi mwa jimbo la Indiana, Marekani, kuna kaunti ya wakulima iitwayo Parke. Wakazi wake ni kama 16,000 tu, makao makuu yake ni mji mdogo wa Rockville, na mashamba yake yamekatwakatwa na vijito vinavyoteremka kuelekea mto Wabash. Juu ya vijito hivyo yamesimama madaraja 31 ya mbao yenye kuta na mapaa, la kale kabisa likiwa la miaka ya 1850 na mengi yakiwa yamejengwa kabla ya 1921. Indiana nzima ilikuwa na mamia ya madaraja ya namna hiyo. Leo yaliyobaki hayafiki 100, na karibu theluthi yake yamo katika kaunti hii moja. Wanaosimulia habari zake hupenda kusema ni bahati, au ni mapenzi ya wenyeji kwa mambo ya kale. Maelezo hayo hayatoshi. Madaraja ya Parke yamedumu kwa sababu yalibuniwa tangu mwanzo kuwa vitu vya kukarabatiwa, na kwa sababu kila kazi yake ya zamani ilipokoma, wenyeji waliyatafutia nyingine.

Tuanze na paa, maana hapo ndipo hekaya zilipojazana. Watalii huambiwa kwamba daraja lilifunikwa ili farasi wasishtuke waonapo maji, au ili wasafiri wajikinge mvua, na wengine huongeza kwamba giza la ndani liliwafaa wachumba. Huenda hizo zote zilikuwa faida za pembeni, lakini hakuna kaunti ya wakulima inayotoa fedha za kodi kwa ajili ya hofu ya farasi. Sababu ilikuwa ya kihesabu. Boriti iliyoachwa wazi hunywa maji kwenye maungio, pale ubao unapokutana na ubao na jua halipenyi. Kuvu huanzia hapo, na baada ya miaka kumi au ishirini daraja haliaminiki tena. Daraja la mto Schuylkill mjini Philadelphia, lililotangulia kufunikwa nchini Marekani mwaka 1805, lilipewa paa kwa hoja hiyohiyo: fundi wake, Timothy Palmer, alikadiria kwamba likifunikwa vizuri lingeweza kufika miaka 30 au 40. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa kanuni hii, kwani nyumba ya udongo yenye makuti mazuri huishi na mwenyewe hadi uzeeni, na ikivuja msimu mmoja ukuta hulala chini. Paa na mbao za kuta ni rahisi kubadilisha. Mihimili ni ghali. Waliofunika madaraja waliamua kwamba kile cha bei rahisi ndicho kioze kwa niaba ya kile cha bei kubwa.

Ukiingia ndani, uamuzi huo unaonekana wazi zaidi. Mengi ya madaraja ya Parke yanafuata ubunifu wa Theodore Burr, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1817. Kila upande wa daraja una kiunzi cha nguzo wima na mihimili ya mshazari inayounda pembetatu, kisha matao makubwa ya mbao yanakibana kiunzi hicho nje na ndani. Tao hupeleka uzito kwenye kingo za mawe zilizo ng'ambo zote mbili; kiunzi hulizuia tao lisiyumbe mzigo unapopita upande mmoja. Kwa ushirikiano huo daraja la Jackson la mwaka 1861 linavuka takriban mita 63 bila nguzo ya katikati. Lakini ncha za matao hushuka chini ya usawa wa sakafu ili zikae kwenye mawe, na hapo hutoka nje ya hifadhi ya kuta. Mvua ya upepo huzifikia, mafuriko huzilowesha, takataka za mto hujikusanya juu yake. Ndiyo maana uozo hupenda kuanzia hapo, na fundi anayejua kazi huanzia hapo ukaguzi wake. Kipande kibovu hukatwa, kipya huunganishwa kwa boliti, na magari huendelea kupita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku ufa wenyewe una mahali panapojulikana.

Majina mawili yametawala ujenzi huo: J. J. Daniels na J. A. Britton. Daniels alitoka Ohio, akijua kazi hiyo kutoka kwa baba yake, naye alijenga Jackson, Bridgeton la mwaka 1868 na West Union la mwaka 1876, lenye urefu wa takriban mita 96 kwa vipande viwili. Britton alishika kasi kuanzia miaka ya 1880, na daraja lake la Nevins ni la mwaka 1920, wakati chuma na zege vilikwisha kuwa vya kawaida kila mahali. Mwaka huo wa 1920 unastahili kutafakariwa. Anayedhani kwamba mbao zilitumiwa kwa kutojua mambo mapya atashindwa kuueleza. Mihimili ilitokana na mipopla mirefu ya misitu ya eneo lile, mawe ya mchanga ya rangi ya kahawia yalichimbwa humohumo, na fedha ya zabuni ilibaki mifukoni mwa watu wa kaunti badala ya kwenda kwa viwanda vya mbali. Tena mafundi wenyewe waliweka majina yao hadharani: juu ya mlango wa madaraja mengi yamepakwa kwa rangi jina la daraja, mwaka na mjenzi, pamoja na onyo kwamba avukaye avuke kwa mwendo wa kutembea. Onyo hilo halikuwa la adabu. Farasi wanaokimbia kwa mapigo yanayolingana huutikisa muundo wa mbao na kulegeza maungio, na aliyeandika alikuwa akilinda kazi ambayo angeitwa kuja kuikarabati.

Hapa mpinzani wa kwanza atasema: umeeleza kwa nini yalijengwa, hujaeleza kwa nini hayakubomolewa. Jibu lake ni ufukara. Kaunti tajiri zilipata barabara za lami na malori mazito, zikaweka chuma na zege; Parke haikuwa na fedha, basi yakabaki. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kijito kisichovukwa na lori lolote hakimlazimishi mtu kujenga daraja jipya. Lakini ufukara peke yake huua madaraja pia, tena kwa urahisi, maana paa lisilotengenezwa kwa kukosa fedha huvuja, na linapovuja hesabu yote ya wajenzi inaharibika. Indiana haikukosa kaunti nyingine za mashambani zenye vijito na misitu kama ya Parke, na nyingi kati ya hizo zimebaki na daraja moja au mawili, au hazina kabisa. Ufukara uliahirisha uamuzi. Haukuufanya.

Uamuzi wenyewe una tarehe. Mwaka 1957 watu wa Parke walianzisha tamasha la madaraja yenye mapaa, ambalo hadi leo hufanyika kila Oktoba kwa siku kumi, majani ya miti yanapogeuka rangi. Tangu hapo daraja lilikuwa na kazi ya pili: kuleta wageni wanaonunua chakula, ufundi wa mikono na malazi katika vijiji ambavyo kilimo kilikuwa kinahitaji watu wachache kila mwaka. Matokeo yalionekana upesi. Bwawa la Mansfield lilipokuwa linaandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, daraja la Portland Mills, mojawapo ya yale ya miaka ya 1850, halikuachwa lizame. Mwaka 1961 lilihamishiwa mahali pengine ndani ya kaunti. Karibu na 1980 madaraja ya Beeson na Leatherwood Station yalihamishiwa kwenye kijiji cha makumbusho cha Billie Creek, nje kidogo ya Rockville. Mwaka 1978 madaraja ya Parke yaliingizwa kwa pamoja katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Zingatia mfuatano: tamasha lilitangulia cheti kwa miaka 21. Serikali iliandikisha kitu ambacho wenyeji walikuwa wamekwisha amua kukilinda.

Wengine watadai kwamba umaarufu ndio mlinzi, na watataja kaunti ya Madison jimboni Iowa, inayojulikana duniani kwa riwaya ya Robert James Waller ya mwaka 1992 na filamu ya Clint Eastwood iliyofuata 1995. Lakini Madison inathibitisha kinyume. Kati ya madaraja yake 19 yamebaki sita, na mengi ya yaliyopotea yalitoweka kabla Waller hajaandika neno. Tamasha la Madison lilianza 1970, kwa hiyo yaliyobaki yalikuwa na walezi wake miaka 22 kabla ya riwaya. Umaarufu ulipofika haukuzuia moto: daraja la Cedar, lililoonyeshwa kwenye jalada la kitabu hicho, lilichomwa 2002, likajengwa upya, likachomwa tena 2017, na likajengwa tena 2019. Sifa haikumzuia mchomaji. Kilicholirudisha daraja mara mbili ni watu waliokuwa tayari kuchanga na kusimamia ujenzi.

Parke nayo imepitia moto, na moto wake unatupa kipimo kizuri cha hoja hii. Mwaka 2002 daraja la Jeffries Ford, kazi ya Britton ya mwaka 1915, lilichomwa kwa makusudi. Halikujengwa tena. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2005, Bridgeton likateketezwa nalo, na kufikia mwisho wa 2006 daraja jingine la umbo lilelile lilikuwa limesimama mahali pake, kwa michango na nguvu za watu wengi. La kwanza lilikuwa kwenye njia ya mashambani isiyo na shughuli nyingi. La pili, ingawa magari yaliacha kulipitia tangu miaka ya 1960, lilisimama kando ya kinu cha kusagia nafaka, katikati ya kijiji kinachofurika watu kila Oktoba. Kama umri ungekuwa ndio unaoamua, tofauti ya miaka 47 kati yao ingetosha kuwa sababu; lakini madaraja mengine ya Parke yaliyo madogo kiumri kuliko Jeffries Ford yanatunzwa hadi leo. Kilichoamua ni kwamba Bridgeton lilikuwa na watu ambao maisha yao yaliendelea kulitegemea.

Pingamizi zito zaidi linakuja papo hapo: Bridgeton la 2006 ni daraja la 1868, au ni mfano wake? Mbao zilizoguswa na mikono ya Daniels zimekwisha kuwa majivu, pamoja na alama za misumeno na namna alivyochonga kila kiungo. Hasara hiyo ni ya kweli, na mwaka 2006 unapaswa kutajwa bila kificho kila daraja hilo linapoelezwa. Lakini mwenye kusema kwamba jengo lenye sehemu mpya si la kihistoria atalazimika kuyakataa madaraja yote 31, kwa maana hakuna hata moja lenye paa lake la kwanza. Kuna viwango vya hasara kati ya kubadilisha vigae na kubadilisha kila kitu, na busara ni kupima viwango hivyo badala ya kupiga mstari mmoja. Kilichonusurika Bridgeton ni ujuzi: mafundi wa karne ya 21 walilazimika kuchonga matao na kuyapachika kwenye kiunzi, na ujuzi huo ndio utakaohitajika Jackson au West Union itakapofika zamu yake.

Limebaki swali la wenye kushika mkoba: je, fedha hizo zisingefaa zaidi barabara za kawaida, kwa trekta kubwa na gari la zimamoto lisiloweza kuvuka daraja la mbao? Mahali ambapo uzito unahitajika, jibu la Parke limekuwa kujenga daraja la kisasa kando, kama Bridgeton, na kuliacha la kale kwa waendao kwa miguu. Penginepo magari mepesi yanaendelea kupita chini ya kikomo cha uzito. Gharama ipo, lakini ni ndogo pale inapolipwa kidogo kidogo na kwa wakati. Kaunti yoyote inayojivunia daraja la kale basi haina haja ya kuanza kwa kuuliza lina miaka mingapi. Iulize bajeti ya mwaka ujao ina kiasi gani cha kurekebisha paa, na nani anapoteza riziki siku daraja hilo litakapofungwa. Palipo na majibu ya maswali hayo mawili, umri utajiongeza wenyewe.