Huzuni Iliyoitwa Tabia

Historia ya watu wenye ulemavu wa akili nchini Uingereza huandikwa zaidi kwa kufuata kashfa zake: unyanyasaji katika hospitali ya Ely mjini Cardiff, uliofichuliwa gazetini mwaka 1967, au ule wa Winterbourne View ulionaswa na kamera ya siri mwaka 2011. Kashfa hizo zilitikisa serikali, na ilikuwa haki zitikise. Hata hivyo, dhuluma iliyowaumiza wengi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, naona haikuhitaji mhudumu katili. Ilikuwa ni imani, iliyoshikwa hata na wahudumu wema, kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili hawezi kuugua kwa huzuni au hofu kama wanavyougua wengine.

Imani hiyo ilichipuka kwenye nia njema. Katika karne ya 19 wengi wa watu hawa walichanganywa na wagonjwa wa akili, au wakaachwa katika nyumba za maskini. Taasisi ya Earlswood, iliyofungua milango yake Surrey mwaka 1855, ilitaka kuwatoa humo ili wafundishwe. Ndimo James Henry Pullen, ambaye maneno yalimtoka kwa shida sana, alimokuwa seremala hodari, akaunda mfano wa meli ya Great Eastern, na hata kuyasimulia maisha yake kwa michoro. Sheria ya mwaka 1886 ikaupa utengano huo nguvu: ulemavu wa akili kando, ugonjwa wa akili kando. Anayesema kwamba hayo yalikuwa maendeleo anasema kweli, maana ni vigumu kumfundisha kazi mtu ambaye unangoja apone kwanza. Ila kutofautisha hali mbili kuligeuka kuwa kutofautisha watu wa aina mbili, kana kwamba aliye na hali moja hawezi kupatwa na ya pili. Chini ya Sheria ya mwaka 1913, iliyodumu hadi 1959, maelfu walifungiwa katika makazi ya mbali, wengine kwa miongo mizima. Mtu angeweza kutenganishwa na ndugu zake wote, kisha kilio chake kikahesabiwa kuwa sehemu ya ulemavu wake.

Wala wataalamu hawakuepuka kosa hilo. Mwaka 1982, huko Marekani, Steven Reiss na wenzake waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu aliyezidiwa na hofu. Walioambiwa kwamba ana ulemavu wa akili hawakuwa wepesi kama wenzao kuiona hofu hiyohiyo kuwa ugonjwa. Nchini Uingereza, Maureen Oswin alichapisha mwaka 1991 utafiti wake kuhusu kufiwa, akionyesha watu waliofichwa kifo cha mzazi, wasipelekwe mazikoni, na papo hapo wakahamishwa kutoka nyumba pekee waliyoijua. Wapo wanaotetea ukimya huo kwa kusema kwamba hawaelewi kifo, basi kwa nini kuwatonesha? Lakini asiyeweza kueleza kifo bado anaona kwamba mama harudi na kwamba kitanda anacholalia si chake. Hasira inayolipuka miezi kadhaa baadaye huitwa ukorofi, na anayepaswa kupewa pole anapewa kidonge.

Kwamba wanaweza kusaidiwa, ushahidi upo. Tangu mwaka 1989 daktari Sheila Hollins ametoa vitabu vya picha visivyo na maneno, cha kwanza kikihusu kifo cha baba, ili msomaji aseme mwenyewe anachokiona na anachokihisi. Pingamizi lililo zito zaidi ni la wauguzi: mtu anayejipiga kichwa ukutani hawezi kungoja kitabu, na dawa humtuliza. Ni kweli, na mwenye ugonjwa unaohitaji dawa asinyimwe. Lakini mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kwamba watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu huu walikuwa wakipewa dawa za akili bila kuwa na ugonjwa unaotibiwa kwa dawa hizo. Mwaka uliofuata Huduma ya Taifa ya Afya ilianzisha kampeni ya kuzipunguza, ikitaka kila agizo la dawa lipitiwe upya pamoja na mgonjwa na familia yake. Kazi hiyo inamlazimu daktari kuuliza maswali ambayo taasisi za zamani hazikuona haja ya kuyauliza: kama jino linamuuma, kama amehamishwa chumba, kama kuna mtu aliyemzoea ambaye haji tena.