Benchi la Urafiki

Benchi la Urafiki ni mpango wa kutibu sonona na wasiwasi uliopita kiasi, ulioanzishwa mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, Zimbabwe. Wanaotoa tiba si madaktari. Ni wanawake wa makamo na wazee, wahudumu wa afya ya jamii wanaojulikana kwa Kishona kama ambuya utano, yaani bibi wa afya. Chumba chao cha ushauri ni benchi la mbao katika uwanja wa zahanati.

Mwanzilishi wake, Dixon Chibanda, ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na mabingwa wa aina yake wa kuhesabika kwa vidole, na watu zaidi ya milioni 12. Mwaka 2005 mgonjwa wake mmoja, msichana aliyeishi mbali na mji, alijiua. Mama mtu alimweleza daktari kwamba walikusudia kumrudisha hospitali ila walikosa dola 15 za nauli. Mwaka huohuo serikali iliendesha bomoabomoa kubwa mijini, Operesheni Murambatsvina. Ripoti ya Umoja wa Mataifa, iliyoandaliwa na Mtanzania Anna Tibaijuka, ilikadiria kuwa watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Chibanda alipotaka kupeleka huduma Mbare alikuta hakuna fungu, hakuna muuguzi wa ziada wala chumba kilicho wazi. Alichopata ni bibi 14 na nafasi ya kukaa nje. Benchi lenyewe basi ni zao la uhaba, ingawa wanaolisifu leo hupenda kulizungumzia kana kwamba siri yote imo ndani ya mbao zake.

Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalipita mbali. Nani akubali kuonekana na majirani, mchana kweupe, amekalia benchi la wendawazimu? Akina bibi ndio waliotaka jina libadilishwe. Kwenye mazungumzo pia hawamtwishi mtu jina la ugonjwa la kitabuni. Humwambia kuwa anawaza kupita kiasi, na hilo mtu hulikubali bila kuona haya.

Mgeni huulizwa kwanza maswali 14 yaliyotungwa Zimbabwe kwenyewe kwa Kishona, kuhusu hali yake ya wiki iliyopita: usingizi, machozi, hasira, woga, uchovu, kuona maisha hayana maana. Katika utafiti uliofanywa Harare, aliyejibu ndiyo mara 9 au zaidi ndiye aliyeingizwa kwenye tiba. Hatua inayofuata huitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Hapo ndipo kazi ilipo. Tuseme mama mmoja amekuja na shida tatu: kodi ya nyumba imelala, mume hajulikani alipo, mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Bibi hamwambii afanye nini. Humsikiliza mpaka amalize, kisha humwuliza ni lipi angependa kulianza. Mama akichagua ada, wanalichambua hilo tu: nani wa kumwendea shuleni, ataomba kulipa kidogo kidogo au ataomba muda, ataenda siku gani. Anaondoka na jambo moja la kufanya. Akirudi wanaanzia hapo. Likigoma, wanatafuta njia nyingine. Mtu aliyezama kwenye sonona huona shida zake zote kama donge moja lisiloshikika, na utaratibu huu humrudishia uwezo wa kushika pembe moja. Kwa mwanamke mzima aliyezoea kuusia vijana, kujizuia kutoa jibu si jambo dogo, na ndiyo maana mafunzo na usimamizi havikwepeki.

Vikao hufikia sita. Asiyetokea hukumbushwa kwa simu au ujumbe. Baadaye mgeni hukaribishwa kwenye kikundi kiitwacho Circle Kubatana Tose, ambamo waliopitia benchi hukaa pamoja wakifuma mikoba kwa plastiki zilizokwishatumika. Mikoba huingiza senti kidogo, na mikono inapokuwa na kazi ulimi huwa mwepesi.

Benchi si la kila mgonjwa. Mwenye fikra za kujiua, anayesikia sauti, au ambaye hapati nafuu hupelekwa kwa msimamizi, na kutoka hapo kwa muuguzi au daktari anayeweza kumwandikia dawa. Kiungo hiki hakipigwi picha, na ndicho ambacho mwigaji mwenye haraka hukiacha. Benchi lisilo na mtu wa kupelekewa mgonjwa mahututi ni hatari.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA. Utafiti ulihusisha zahanati 24 za Harare na washiriki 573. Zaidi ya asilimia 86 walikuwa wanawake, na takribani asilimia 42 walikuwa wanaishi na VVU. Nusu ya zahanati zilitumia benchi. Nyingine ziliendelea na huduma ya kawaida iliyoongezewa maelezo kuhusu maradhi haya. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 upande wa benchi na asilimia 49.9 upande wa pili. Tofauti kubwa namna hiyo ni adimu katika tiba ya akili, hata kwa huduma zinazotolewa na wasomi.

Mpango umeenea Zimbabwe na kuvuka hadi Malawi na Zanzibar. Mjini New York mabenchi yalipakwa rangi ya chungwa, na waliokaa juu yake hawakuwa mabibi bali watu waliowahi kupitia wenyewe maradhi ya akili au uraibu.